Mkataba Uliotangulia Bomu

JICHO LA JUMAMOSI
Na Mwanahawa Seif

Machi 7, 2003, Mohamed ElBaradei, mkuu wa shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba nyaraka zilizodai Iraki ilitaka urani ya Niger hazikuwa za kweli. Kesho yake Jeshi la Marekani likaipa KBR, kampuni tanzu ya Halliburton, mkataba wa kufufua visima vya mafuta vya Iraki. Hakukuwa na zabuni ya ushindani, na ukomo wake ulikuwa dola bilioni 7. Bomu la kwanza lilidondoka siku 12 baadaye.

Mjadala wa vita ile huendeshwa kama mashauri mawili: huku kama ilikuwa halali kumwahi mtawala wa Iraki, Saddam Hussein, kule nani alipata kazi. Kwangu ni shauri moja.

Ukimwona mtu anaruka ukuta wako usiku na panga mkononi, una haki ya kumwahi. Hilo hata wazee wetu wanalikubali. George W. Bush alidai zaidi ya hapo. Mkakati wake wa usalama wa Septemba 2002 uliruhusu kumwahi adui hata kama haijulikani atashambulia lini wala wapi. Yaani panga halijaonekana, na ukuta haujarukwa.

Wanaoitetea vita hiyo hutaja Halabja, ambako mwaka 1988 gesi ya Saddam iliua maelfu ya Wakurdi kwa siku moja. Sibishi, yule alikuwa dhalimu. Lakini sababu iliyopelekwa Baraza la Usalama ilikuwa silaha za maangamizi, na wapekuzi wa Marekani yenyewe, chini ya Charles Duelfer, waliripoti mwaka 2004 kwamba hawakukuta shehena zozote.

Ushahidi basi ulikuwa bado unatafutwa wakati mkataba umeshaiva. Bunnatine Greenhouse, ofisa mkuu wa mikataba wa Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi, aliuona mkataba huo una kasoro. Novemba 2002 KBR ilikuwa imeshapewa kazi ya kuandaa mpango wa dharura wa mafuta ya Iraki, na sasa mwandaa mpango ndiye anakabidhiwa utekelezaji, kwa muda unaoweza kufika miaka mitano. Karatasi zilipomfikia, kando ya saini yake aliandika kwa mkono tahadhari kwamba kuvuka mwaka mmoja kungefanya ionekane hakuna nia ya kushindanisha kampuni. Mistari michache tu ya kalamu, pembeni mwa mabilioni. Mwaka 2005 alishushwa cheo.

Serikali ikiomba ridhaa ya vita, na iweke mezani siku hiyo hiyo kila mkataba iliokwisha kuandaa, pamoja na majina ya wanufaika. Wabunge wasome yote mawili, sababu na bei, kabla hawajapiga kura.

Maana bei nayo ilipotoshwa. Machi 27, 2003, Paul Wolfowitz, naibu waziri wa ulinzi, aliliambia Bunge la Marekani kwamba Iraki ingeweza kujigharamia ujenzi wake baada ya muda si mrefu. Walipakodi wa Marekani wakaishia kutoa dola bilioni 60 hivi. Mikataba mingi mikubwa ilikuwa ya aina ambayo kampuni hurudishiwa kila inachotumia, kisha huongezwa faida juu yake, sasa nani abane matumizi? Huko Khan Bani Saad, kaskazini ya Baghdad, likaanza kujengwa gereza. Zilikwenda dola milioni 40. Wakaguzi walipofika mwaka 2008 walikuta kuta zisizokamilika na hakuna mfungwa hata mmoja. Serikali ya Iraki ilikataa kulipokea.

Desemba 2003 Wolfowitz alitoa waraka: mikataba mikuu 26, ya dola bilioni 18.6, iende kwa kampuni za Marekani, Iraki na nchi zilizounga mkono vita. Ufaransa, Ujerumani na Urusi, zilizopinga vita, zikafungiwa mlango. Rwanda na Uganda zilikuwemo kwenye orodha ya walioruhusiwa. Miaka iliyofuata Waganda kwa maelfu walikwenda Iraki kweli. Walikwenda kulinda mageti ya kambi za Wamarekani, kwa ujira uliokuwa ukipunguzwa kadiri wenzao walivyozidi kupanga foleni Kampala kuomba lindo hilo hilo.