Ubao wa Mwalimu: Makala Hutoka Wapi?

Mwaka umezunguka tena, na mhariri wetu ameniletea bahasha ya makala zenu nizipitie kama ilivyo ada, kwa kuwa ati mwalimu hata akistaafu kalamu nyekundu haimtoki mkononi. Makala zilikuwa kumi na nne. Tisa kati ya hizo nilikwisha kuzisoma kabla hazijanifikia. Ile ya faida za asali ilinijia kwenye simu mara tatu mwaka huu, mara mbili kutoka Tanga na mara moja kwa Kiingereza kutoka kwa jirani yangu hapa Orlando. Ile ya umuhimu wa elimu ingeweza kuandikwa na mtu yeyote, mahali popote. Nami niliyefundisha zaidi ya miaka thelathini siwezi kuipinga hata neno moja, lakini kuimaliza pia sikuweza.

Waliosoma chuoni wanajua kwamba hadithi ya Mtume haipokelewi hivi hivi. Huulizwa kwanza isnadi yake: nani kasimulia, naye kasikia kwa nani, na je, wawili hao walikutana kweli? Maneno yawe mazuri namna gani, mnyororo ukikatika wanavyuoni huyatilia shaka. Baadaye, sekondari, nilifundishwa insha yenye utangulizi, kiini na hitimisho. Insha hiyo ilinipa alama nzuri, sidhani kama ilinipa msomaji hata mmoja. Msomaji naye huuliza isnadi, ingawa hatamki: huyu alikuwapo? Alimwuliza nani?

Mji huu tulioufanya kwetu una mifano yake. Jarida la Drum lilianza mwaka 1951, na matoleo yake ya kwanza yalijaa ngano, historia za makabila na habari za machifu, mambo ambayo wenye jarida walidhani Mwafrika anayapenda. Wanunuzi wakawa haba. Ndipo mwenye mali, Jim Bailey, na mhariri wake Anthony Sampson walipokwenda kuwauliza watu wa Johannesburg wenyewe, wakaambiwa waziwazi kwamba habari za machifu hazina haja, watu wanataka jazi, nyota wa sinema na maisha ya mjini. Jarida likageuzwa.

Lakini aliyelipa heshima yake ni Henry Nxumalo. Mwaka 1952 alikwenda kwenye mashamba ya viazi ya Bethal kuona vibarua wanavyotendwa, akaandika. Mwaka 1954 alitaka kujua yanayotendeka ndani ya gereza la Johannesburg. Hakuandika makala juu ya ubaya wa magereza. Alifanya makusudi akamatwe usiku bila pasi, akafungwa siku tano, akatoka akayaandika yaliyompata yeye na wenzake mle ndani. Gereza hilo lilikuwa kwenye kilima ambacho leo pana Mahakama ya Katiba. Usiku wa mwisho wa mwaka 1956 aliuawa akiwa katika kufuatilia habari nyingine. Simwombi mtu wa kitabu hiki afungwe wala auawe, Mungu apishe mbali! Nasema tu kwamba isnadi yake ilikuwa mgongo wake mwenyewe.

Kwetu sisi yafaa zaidi mfano wa Miriam Tlali, aliyeishi hapa hapa Soweto mpaka alipofariki mwaka 2017. Alikuwa karani katika duka la Johannesburg lililouza fanicha na redio kwa mkopo, akaandika alichokiona kila siku kutoka kwenye meza yake. Riwaya yake, Muriel at Metropolitan, ilitoka mwaka 1975, ikapigwa marufuku mwaka 1979. Riwaya nzima juu ya duka! Tena jarida la Staffrider lilipoanza mwaka 1978 alipewa safu iitwayo Soweto Speaking, yaani Soweto inasema. Aliwaendea watu wa kawaida, fundi wa nguo, fundi wa umeme asiye na leseni, akawaacha waeleze riziki yao kwa maneno yao. Kazi kama hiyo hata mjukuu wa miaka kumi na tano anaiweza, akiwa na simu ya kunasa sauti na adabu ya kumsikiliza bibi yake.

Na tuna sababu ya kufanya haraka.

Mwezi Januari 2015, mnakumbuka, maduka ya wageni yaliporwa hapa Soweto, vurugu zikianzia Snake Park. Kitabu chetu cha mwaka ule kilikuwa na makala ya kurasa nne juu ya umuhimu wa amani duniani, wala haikutaja Soweto hata mara moja. Kumbe familia moja miongoni mwetu iliokolewa na gogo wa nyumba ya pili. Usiku ule aliwafungulia lango la nyuma, wakapitisha mchele, unga na friji ndogo, watoto akawalaza chumbani kwake, kisha akatoa kiti akakaa mbele ya duka. Vijana walipofika aliwaita mmoja mmoja kwa majina yao, kisha kwa majina ya mama zao. Wakapita.

Nilikuja kuyajua haya mwaka juzi, siku ya matanga ya gogo mwenyewe, tukimenya viazi uani na mke wa mwenye duka. Nilimwuliza, "Mwanangu, mbona hukuandika?" Akanijibu, "Mwalimu, hayo si mambo ya kitabuni."

Jibu hilo limenikaa. Amani duniani ni jambo la kitabuni, lakini bibi aliyekaa kwenye kiti si la kitabuni! Wale watoto waliolala chumbani sasa ni watu wazima na wanaelewana kwa Kizulu kuliko Kiswahili. Gogo ameondoka. Mnyororo umebaki na pete chache. Nimegusia kidogo tu. Yaliyobaki ni yake mwenye kisa, ameniahidi kuyaandika, nami namkumbusha hapa mbele ya jamaa wote.

Mwenye makala ya asali asinichukie. Najua mjomba wake alitega mizinga Handeni. Atuambie mizinga ilichongwa kwa mti gani, nani alipanda na nani alikimbia nyuki. Faida za asali tutazikuta humo humo. Na anayeona haya kwa kuwa Kiswahili chake kimechanganyika, aandike hivyo hivyo. Magwinya yaandikeni magwinya. Herufi nitazinyoosha mimi, ila kumbukumbu sina pa kuziazima.

Makala zipokelewe kwa mhariri kabla ya mwisho wa Septemba, zisizidi kurasa mbili, zimeandikwa upande mmoja wa karatasi. Asiyeweza kuandika aniite nyumbani, ila si Ijumaa mchana.