Safari ya Malta na Mfuko wa Mwenzako



Katika sehemu hii ya Kiswahili ya gazeti letu wenzangu wamezoea kuandika juu ya mpira, juu ya chakula cha bwalo, na juu ya safari walizokwisha kuzifanya. Mimi leo naomba nafasi niandike juu ya safari ambayo haijafanyika. Sisi tulioipanga hatujaondoka hata hatua moja, walakini safari hiyo imekwisha kutufundisha neno, na naona yafaa wengine walisikie kabla hawajafungua daftari la mipango yao.

Tu vijana wanne wa kidato cha sita. Kwa kuwa majina si lazima, nitawaita wenzangu kwa miji yao: wa Mbale, wa Jinja na wa Busia. Mimi ni wa Tororo, na umri wangu ni miaka 19. Shauri lilianza katika somo la dini, tulipokuwa tukisoma jinsi Mtume Paulo alivyovunjikiwa na merikebu akaokoka katika kisiwa cha Malta. Mwalimu alitundika ramani ukutani, akatuonyesha kisiwa hicho kidogo katikati ya Bahari ya Kati, kusini ya Sisilia. Usiku ule, baada ya taa za bweni kuzimwa, wa Jinja alinong'ona, "Jamani, mtihani ukiisha tuna miezi mingi ya kukaa bure kabla ya chuo kikuu. Kwa nini tusiende kukiona?" Tulicheka. Lakini kesho yake alileta daftari jipya, na juu ya jalada lake ameandika: MALTA, MWEZI WA SABA.

Sioni haya kusema kwamba tuliipenda kazi ile. Tulisoma juu ya Malta kuliko tulivyosoma kwa mtihani wo wote. Visiwa vyake vyote pamoja ni kilomita za mraba 316 tu, na vilivyo vikubwa ni vitatu: Malta, Gozo na Comino. Katika Gozo yako mahekalu ya mawe yaliyojengwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, kabla ya piramidi za Misri. Mji mkuu, Valletta, ulianzishwa mwaka 1566, mwaka mmoja baada ya jeshi la Waturuki kuuzingira Malta na kushindwa. Waingereza walitawala huko hata tarehe 21 Septemba 1964, yaani miaka miwili baada ya Uganda yetu kupata uhuru, na Kiingereza kingali lugha ya serikali pamoja na Kimalta.

Hiki Kimalta ndicho kilichotushangaza kupita yote. Asili yake ni Kiarabu, nasi katika Kiswahili tumeazima maneno mengi ya Kiarabu. Kwa hiyo mtu wa Malta na mtu wa pwani ya Afrika Mashariki wana maneno ya ukoo mmoja bila kujuana. Bahari wao huita baħar. Dunia ni dinja. Kitabu ni ktieb. Wakihesabu, sita ni sitta, na saba ni sebgħa. Wa Mbale alisema kwamba tukifika huko hatutakufa njaa, maadamu twaweza kuhesabu mikate.

Makosa nayo hayakukosekana. Wa Mbale huyo huyo alibandika ndani ya daftari picha ya lango kubwa la mwamba lililosimama baharini huko Gozo, akasema lazima tupigwe picha mbele yake. Baadaye tulisoma kwamba lango hilo lilianguka katika dhoruba ya tarehe 8 Machi 2017. Tulikuwa tukipanga kwenda kutazama kitu kisichokuwapo! Laiti kosa letu lingekuwa hilo tu.

Tulipomaliza kusifu kisiwa tukafika kwenye ukurasa wa fedha. Malta ni mojawapo ya nchi za Schengen, na kijana wa Uganda hawezi kuingia bila viza. Ada ya viza hiyo kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, yaani zaidi ya shilingi laki tatu zetu, nayo hairudishwi hata ukinyimwa. Hapana budi uwe na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, na pasipoti itakayodumu miezi mitatu baada ya siku ya kutoka huko. Uonyeshe pa kulala, fedha za kujikimu, na nauli ya kurudi. Na afisa akiwa na mashaka kwamba hutarudi kwenu, aweza kukukatalia. Hayo yote ni kabla hujagusa nauli ya ndege, na mwezi wa saba ndio wakati wa joto kali huko, watu wamejaa, na bei zimepanda.

Wa Busia alisikiliza, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mimi naona tungojee mwaka mmoja au miwili." Wa Jinja, ambaye baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi, alijibu kwamba anayengoja hafiki. Tukapiga kura. Kura tatu zilikuwa za mwezi wa saba, na moja ya kungoja. Tukaamua kila mtu alete shilingi 200,000 za kuanzia kabla ya mwisho wa muhula. Nami niliinua mkono wangu pamoja na wale wawili. Naandika jambo hili waziwazi kwa sababu nisingekuwa na haki ya kuwashauri wengine kama ningelificha.

Wiki mbili zikapita. Wa Busia akatuambia kwamba hatakwenda, kwani anaogopa bahari. Tulimcheka. Mtu aliyekulia karibu na ziwa, aliyeogelea kabla ya kujua kusoma, anaogopa maji! Tulimpa jina la utani, na jina hilo likamfuata hata bwaloni. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza mbona hofu hii imeanza siku ile ile ya ukurasa wa fedha.

Wakati wa likizo nilipita kwao. Nilimkuta mama yake sokoni akiuza mukene kwa kopo. Alinipokea kama mtoto wake, akanipa chai na muhogo, wala hakuacha kupima samaki kwa wateja wake. Nilipokuwa nikinywa chai ile nilihesabu kimoyomoyo ni makopo mangapi yatakayofanya shilingi 200,000. Sikumaliza hesabu hiyo. Niliona aibu.

Jioni rafiki yangu alinisindikiza hata kituo cha magari. Njiani akaniambia, "Wewe usimwambie mtu. Mimi nitawatangulia. Mtanikuta huko huko." Ndipo akanieleza kwamba yuko mtu mmoja anayekuja sokoni, asemaye kwamba huwapeleka vijana Ulaya bila viza wala bima. Kwanza kwa magari hata Libya, kisha kwa mashua. Tena hatoi hata senti sasa; atalipa akianza kazi.

Wasomaji, nataka mpime maneno hayo. Sisi rafiki zake tulidai shilingi 200,000 kabla ya mwisho wa muhula. Mgeni yule hakudai kitu. Katika hao wawili, ni nani aliyeonekana kuwa rafiki?

Nilikuwa na jambo la kumwambia, kwa sababu nililiona katika ramani ile ile tuliyoitumia. Magharibi ya Malta kiko kisiwa kingine kidogo, Lampedusa, mali ya Italia. Tarehe 3 Oktoba 2013 mashua iliyotoka Libya ikiwa imejaa watu, wengi wao wa Eritrea, ilishika moto na kupinduka karibu na kisiwa hicho. Watu zaidi ya 360 walikufa. Walikuwa wamekwisha kuvuka karibu bahari yote. Na wale wasemao kwamba utalipa baadaye, mara nyingi huwafungia vijana njiani, kisha huwapigia simu wazazi wadai fedha nyingi. Nilimwambia, "Deni lako halitalipwa na wewe. Litalipwa na kopo la mama." Alinyamaza mpaka gari langu likaja. Kesho yake alimweleza mama yake yote, naye alimfukuza mtu yule mbele ya kibanda chake, na soko zima likasikia.

Sasa natoa maoni yangu. Mimi nasema hivi: safari ya marafiki ipangwe kwa mfuko wa mwenye kidogo, siyo kwa mfuko wa mwenye kingi, wala siyo kwa wingi wa kura.

Najua wako watakaonipinga. Wa kwanza atauliza, mbona hakusema mwenyewe kwamba hana fedha? Nami namjibu: alisema. Alisema tungojee. Maskini hasemi umaskini wake kwa neno lake lenyewe. Husema kwa maneno mengine, na kazi ya rafiki ni kuyasikia. Pia, nani atasema "sina" mbele ya watu watatu waliokwisha kuinua mikono?

Wa pili atasema, je, wenye uwezo wafungwe miguu kwa ajili ya asiye na uwezo? Neno hilo lina haki ndani yake. Mtu akitaka kwenda peke yake kwa fedha za baba yake, aende salama, wala hana kosa. Lakini akiisha kusema "sisi wanne," amekubali kutembea kwa mwendo wa wanne. Kama hataki mwendo huo, aseme mapema, kuliko kumwacha mwenzake atafute njia yake gizani ili asiitwe mwoga.

Wa tatu atasema kwamba vijana wa Afrika hatuna haja ya kwenda kutembea katika visiwa vya Ulaya, tubaki kwetu. Huyo simkubali hata kidogo. Wazungu huja kutazama chemchemi ya Nile pale Jinja, na hakuna anayewauliza wana haja gani. Kutaka kuiona dunia si dhambi. Tena naona kwamba kuficha haja hiyo ndiko kunakomnufaisha mtu yule wa sokoni. Kijana anayepanga safari yake mbele ya wazazi na waalimu wake, akaandika siku ya kwenda na siku ya kurudi, si rahisi kudanganywa. Nasikitika kwamba daftari letu sisi hatukumwonyesha mtu ye yote.

Nimeirudia habari ya Paulo, nikaona kwamba tuliisoma kwa haraka. Merikebu ile haikupotea kwa bahati mbaya tu. Walipokuwa katika kisiwa cha Krete, Paulo aliwaonya kwamba majira ya kusafiri yamepita. Nahodha na mwenye merikebu walikuwa na shauri lingine, na walio wengi wakataka kuendelea. Yaani hata hao walihesabu vichwa! Halafu dhoruba ilipowatesa na nchi kavu ilipokaribia, mabaharia walitaka kuingia mashuani na kujiokoa peke yao. Paulo akasema kwamba hao wasipokaa merikebuni, wengine hawataokoka. Askari wakazikata kamba za mashua. Watu 276 walikuwa ndani, na wote 276 wakafika Malta, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Wenyeji wakawakokea moto, maana mvua ilikuwa ikinyesha na baridi ilikuwa kali.

Muhula huu tumeanza daftari jipya. Ukurasa wa kwanza ni wa fedha, na kisiwa kimeondolewa mpaka ukurasa wa tano. Kila mmoja aliandika katika karatasi isiyo na jina kiasi anachoweza kuweka kwa mwezi bila kumwumiza mtu wa nyumbani, na tukakichukua kile kilicho kidogo kuliko vyote kiwe cha wote. Ni kidogo kweli. Kwa hesabu yetu safari haitakuwa kabla ya miaka minne, wala haitakuwa mwezi wa saba bali wa tano, kabla ya bei kupanda. Wa Jinja alinung'unika siku mbili, kisha akaichora ramani upya kwa mkono wake mwenyewe. Wazazi wa wote wanne wamekwisha kuliona daftari hilo.

Pengine viza tutanyimwa. Pengine mmoja wetu ataoa mapema, au fedha zitahitajiwa kwa karo ya wadogo zetu. Siwezi kuahidi kwamba tutakiona kisiwa kile. Lakini tukifika, tutafika wanne, na nauli ya kurudi tukiwa nayo mfukoni.

Wa Busia ameisoma insha hii kabla sijaipeleka kwa Mhariri, naye ameniruhusu. Alisahihisha jambo moja tu. Alisema niandike kwamba yeye haogopi maji, na kwamba katika sisi wanne ni yeye peke yake ajuaye kuogelea vema.