Programu Yangu Ilishindwa na Gredi ya 3

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na wachache wenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha tarakilishi nikaenda kulima. Sijaacha. Nilikuwa Kilifi, mashambani upande wa Kaloleni, nimekaa nyuma ya darasa la Gredi ya 3 kwenye kiti kilichonifika magotini, nikitazama programu niliyoiandika kwa miezi minne ikigeuzwa mchezo na watoto wa miaka minane na tisa.

Shangazi yangu ni mwalimu wa darasa hilo. Ana wanafunzi 54. Mwaka jana nilimwambia kwamba nitamtengenezea kitu cha kuwafundisha watoto kusoma Kiswahili kwa simu, bila intaneti, kisichomaliza betri. Mawazo ya mtu wa Nairobi, najua. Neno linatokea kwenye skrini, picha nne zinatokea kwenye pembe nne, mtoto anagusa picha inayolingana na neno. Akipata, nyota. Akipata kumi mfululizo, nyota kubwa inayozunguka (hiyo nyota pekee ilinichukua siku mbili, na naona haya kusema).

Nilipeleka tabuleti tatu za kuazima. Siku ya kwanza darasa lilipata asilimia 41. Siku ya nne likapata 93. Niliketi usiku nikichora grafu, na nilishaanza kuandika barua pepe ya kuwaonyesha watu fulani wenye pesa.

Siku ya tano nikasikia wimbo. Wasichana watatu wa dawati la mbele walikuwa wakiimba polepole, "kulia juu, kushoto chini, kushoto chini, kulia chini", na vidole vyao vikifuata. Hawakuwa wakiyaangalia maneno hata kidogo. Ndugu msomaji, kama umewahi kuandika programu umeshajua nilichofanya. Tarakilishi haibahatishi kwa kweli, huanza na namba inayoitwa mbegu, na mbegu ileile huzaa mpangilio uleule. Wakati wa majaribio niliifunga mbegu kwenye 7 ili nipate matokeo yanayofanana, kisha nikasahau kuifungua. Watoto walihitaji siku nne kugundua kosa ambalo mimi mwenye digrii sikuliona kwa miezi.

Nilirekebisha usiku uleule. Matokeo yakashuka, yakapanda tena hadi 80 na kitu. Nikapumua. Ndipo shangazi akamwita mmoja wa waimbaji wale, akamfungulia kitabu cha kawaida cha karatasi, akamwambia, "Soma hapa, mama." Mtoto akasoma "ngo", akanyamaza, akaangalia picha iliyokuwa juu ya ukurasa, akasema "mbuzi". Neno lilikuwa "ng'ombe". Katika programu yangu picha nne zilikuwa za vitu vinavyoanza kwa herufi tofauti kabisa, kwa hiyo kuijua herufi ya kwanza kulitosha. Nilikuwa nimejenga mashine ya kupima kubahatisha.

Shangazi hakunicheka. Alisema tu, "Baba, mimi sihitaji kujua nani amepata nyota. Nahitaji kujua ni nani sijamsikia akisoma."

Hebu tufanye hesabu. Kipindi cha Gredi ya 3 ni dakika 30. Gawanya kwa watoto 54: sekunde 33 kwa kila mmoja, kama mwalimu hatafundisha lolote, hataandika ubaoni, hataamua ugomvi wa kalamu. Na mtaala wa umilisi, ulioingia katika madarasa haya mwaka 2019, unamtaka ampime kila mtoto kwa kumtazama akitenda, amweke katika ngazi moja kati ya nne, kuanzia kuzidisha matarajio hadi chini ya matarajio, na aandike. Nimeona daftari la shangazi. Lina safu nyingi kuliko jedwali lolote la hifadhidata nililowahi kutengeneza kazini. Huku watoto wako sakafuni wanahesabu vizibo vya soda, kundi jingine linapanga kadi za silabi zilizokatwa kwenye makatoni, na yeye anazunguka katikati yao na biro sikioni.

Darasa hilo si tulivu wala si la kizamani. Lina vifaa tele, ila si vya umeme.

Sasa nije kwenye hoja yangu, na najua baadhi yenu mtaipinga. Nchi hii tumelipenda mno wazo la kumpa mtoto kifaa. Mwaka 2013 tuliahidiwa kipakatalishi kwa kila mwanafunzi wa darasa la kwanza. Ahadi ikageuka tabuleti, ugavi ukaanza 2016, na vifaa zaidi ya milioni moja vikapelekwa katika shule za msingi za umma. Vingine vilitumika vizuri. Vingine nimeviona mwenyewe ndani ya kabati la chuma, vimepangwa kama sahani za harusi.

Kulikuwa na mradi mwingine uliopigiwa kelele kidogo zaidi, Tusome, ulioanza 2015. Huo ulimpa mtoto kitabu cha karatasi, kitabu kimoja mtoto mmoja, na tabuleti ukampa afisa anayezunguka shuleni kumsaidia mwalimu. Afisa aliketi darasani, akamsikiliza mtoto mmojammoja akisoma, wachache tu, programu iitwayo Tangerine ikahesabu maneno kwa dakika, kisha akazungumza na mwalimu juu ya somo lile. Hata kabla ya hapo, chini ya mradi wa PRIMR, walilinganisha mambo haya kule Kisumu: visomeo vya kielektroniki kwa wanafunzi, tabuleti kwa walimu, tabuleti kwa maafisa. Matokeo yalichapishwa 2016. Vifaa vya darasani havikuongeza usomaji kwa kiasi cha maana kuliko mafunzo na vitabu bila vifaa hivyo. Nilipaswa kuyasoma hayo kabla ya kuchora nyota inayozunguka.

Mtaniambia sasa kuna akili unde, simu itamsikiliza mtoto yenyewe. Nimejaribu. Mvua ilipoanza kupiga mabati sikusikia hata sauti yangu mwenyewe, sembuse simu ya shilingi elfu kumi kusikia mtoto anayenong'ona kwa haya miongoni mwa wenzake 53.

Sehemu ngumu ilikuwa Ijumaa. Kabla sijafika, mwenyekiti wa wazazi alikuwa ameshaitisha mkutano: kila mzazi atoe shilingi 500, zinunuliwe tabuleti za kutumia programu ya "kijana wetu". Wazee walikuja, akina mama walikuja na watoto mgongoni, na wengine, nilijua, walikuwa wanauza makuti na mnazi kupata hiyo mia tano. Mwenyekiti akanikaribisha nionyeshe. Ningeonyesha asilimia 93 na hakuna ambaye angeuliza. Nilisimama, nikawaeleza kuhusu ule wimbo, nikasema kama ni lazima mchange basi mnunue vitabu vya hadithi. Kuna hadithi za Kiswahili za African Storybook ambazo leseni yake inaruhusu kupakua na kuchapisha bure, gharama ni karatasi na wino tu.

Mwenyekiti alikasirika. "Watoto wa mjini wana tabuleti. Wetu wapewe karatasi?" Sikuwa na jibu zuri, na mpaka leo sina, kwa sababu hasira yake ina haki. Mkutano uliahirishwa. Shangazi alirudi nyumbani kimya, akapika, akanipa chakula, wala hakunisemesha mpaka asubuhi. Nilikuwa nimemwaibisha mbele ya watu atakaoishi nao mimi nikiwa nimesharudi Nairobi.

Kabla ya kupanda matatu nilimwekea kitu kwenye simu yake. Nilikiandika kwa jioni mbili. Ni orodha ya majina 54. Mtoto akimsomea, anagusa jina, anaweka idadi ya maneno aliyokosea, jina linashuka chini ya orodha. Aliye juu ndiye ambaye hajasikizwa kwa muda mrefu zaidi. Hakuna nyota. Mtu yeyote aliyesoma programu kwa mwezi mmoja anaweza kuiandika.

Jana usiku nilipata ujumbe wake wa kwanza tangu niondoke. Hakunisalimu. Ameandika: "Wamebaki 19, na huyu wa juu kabisa ni yule mwimbaji wako. Kesho naanza naye."