Pwani ya baridi na nyumba isiyo na bati

Mama mmoja alinisubiri nje ya kanisa hapa Nyansurura baada ya Misa, simu mkononi. Mwanawe yuko Ujerumani, mwaka wa tatu sasa. Katika picha kijana amesimama ufukweni, koti limefika magotini, nyuma yake bahari ya kijivu. "Baba Padri, huyu ameenda likizo. Nyumba yangu ina kenchi, haina bati, naye anakwenda kutazama maji kwenye baridi. Mwandikie umwonye."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Baridi hiyo naijua. Nikiwa masomoni Ulaya, Desemba moja bweni lilifungwa, nikapelekwa kusaidia Misa za Noeli huko Norddeich, mwambao wa Bahari ya Kaskazini. Mwezi huo jua huchomoza saa mbili na nusu asubuhi imeshapita, na saa kumi na nusu jioni ni giza. Maji yakipwa, tope hubaki wazi kilomita na kilomita. Hakuna anayeoga. Watu hutembea katika upepo, kisha huingia ndani kunywa chai: bonge la sukari chini ya kikombe, chai kali juu yake, tone la krimu, wala haikorogwi. Ukiishia kikombe kimoja mwenyeji atajiuliza amekukosea nini. Desturi ni vitatu.

Nilifika pale nikiwa nimebakiza kidogo kuacha masomo. Nyumbani sikuwa nimemweleza mtu, maana nyumbani Ulaya ni neema tupu. Kilichoniponya ni ile chai, na wazee walioniuliza habari za mama yangu.

Sisi likizo ya namna hiyo hatuijui. Mtu akirudi Tarime mwezi wa Desemba anakuta amepangiwa: kesi ya mpaka wa shamba, kikao cha ukoo, mahari, msiba. Anarudi kazini amechoka kuliko alivyokuja. Yesu aliwaita Mitume kando wapumzike (Mk 6) wakati umati ulikuwa bado unawatafuta. Kazi haikuwa imekwisha.

Someni pia Matendo ya Mitume, sura ya 27 na 28. Watu 276 wanavunjikiwa na meli, wanafika Malta wakiwa wamelowa, mvua inanyesha, na wenyeji wanawawashia moto. Paulo akakaa kisiwani miezi mitatu, majira ya baridi yapite. Hakuna aliyemuuliza kwanza ameleta nini. Lakini angalieni: Paulo naye, mfungwa na mgeni, aliokota kuni za moto ule kwa mikono yake. Ndipo nyoka akamng'ata.

Nasema hivyo kwa sababu kijana naye ana lake. Nilipomuuliza mama, nikagundua picha ile hakutumiwa yeye. Mpwa wake ndiye aliyemwonyesha. Mwanawe hajampigia tangu Pasaka. Nadhani bati lilikuwa neno lililo rahisi kulitamka mbele ya padri.

Sikumwandikia kijana. Nilimwomba mama ampigie yeye, na bati asilitaje siku hiyo. Amuulize huko pwani alikuwa na nani, na kama alipata chai ya moto.

Akanyamaza. Kisha akasema bando limekwisha. Nikamwekea.