Tuache Hii Stori ya Motisha

Kuna uongo unaouzwa hapa Nairobi kwa bei ya bando la mtandao: kwamba wewe ni mvivu. Unakupata saa nne usiku, umejilaza kwenye bedsita yako, miguu bado inauma kwa kusimama kwenye matatu. Kwenye simu kuna jamaa mwenye kifua kama mlango wa benki. Anakwambia ameamka saa kumi alfajiri, amekimbia kilomita kumi, amekula mayai manane, na kwamba tofauti kati yake na wewe ni moja tu: yeye ana motisha, wewe una visingizio. Halafu anakuuzia programu ya wiki sita.

Naandika kumpinga huyo jamaa. Kifua chake hakinisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba anawaambia watu waliochoka kuwa hawajitumi, nao wanamwamini, na wakishaamini wanaacha kila kitu. Msee akijiona mvivu wa kuzaliwa, atajaribu nini tena?

Tuanze na namba, kwa sababu watu wa motisha hawapendi namba. Mwaka 2015 Wizara ya Afya na Shirika la Kitaifa la Takwimu walifanya utafiti wa nchi nzima kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, wakawahoji watu wa miaka 18 hadi 69. Waliokuwa hawafikii kiwango cha mazoezi kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, walikuwa chini ya 10 kati ya 100. Waliokuwa hawali matunda na mboga za kutosha walikuwa 94 kati ya 100. Na takriban robo ya watu wazima walikuwa na presha.

Soma hizo namba polepole. Hii si nchi ya watu waliokataa kusonga. Wakenya wanasonga, bana. Wanasonga shambani, wanasonga mjengo, wanasukuma mikokoteni, wanafua nguo za watu kwa mikono, wanatembea kutoka Kibera na Mukuru hadi Viwandani kabla jua halijatoka. Na bado presha inawapata. Kwa hivyo daktari wa mtandaoni anayesema ugonjwa wetu ni uvivu amempima mgonjwa mwingine.

Utaniambia hiyo namba ni ya nchi nzima, ndani yake kuna nyanya wa Busia mwenye jembe, na wewe unakaa Roysambu ukiangalia skrini kutwa. Sawa, nakubali. Hata mimi niko upande huo. Niliacha chuo kikuu mwaka wa pili karo iliposhindikana, na tangu hapo naishi kwa kuandikia watu, nikilipwa kwa neno. Ukilipwa kwa neno, dakika unayosimama ni dakika isiyolipwa. Mgongo unajua hilo kabla ya akaunti. Lakini angalia kilichonikalisha kwenye kiti: ni jinsi kazi yenyewe ilivyopangwa. Anayeendesha Uber saa kumi na mbili kwa siku anakaa kwa sababu hiyohiyo. Wa kituo cha simu pia. Ukituambia tujitume zaidi, unatuambia tufanye kitu ambacho tayari tunafanya kupita kiasi.

Tuje kwa chakula, kwa sababu hapo ndipo 94 kati ya 100 wamekwama. Watu wa motisha wanasema kula brokoli, kifua cha kuku na lozi. Nasi tunajibu kwamba kula vizuri ni kwa watu wa Kileleshwa. Wote tunakosea. Sukuma wiki, managu, terere, ndengu, omena, nduma, viazi vitamu, parachichi likiwa kwa msimu: vyote hivi vipo Muthurwa na Marikiti, na hakuna aliyehitaji mtandao kumfundisha nyanya yake kuvila.

Kilicho ghali ni kuvipika. Maharagwe makavu yanataka saa mbili motoni, na mtungi wa gesi wa kilo 6 hauna huruma. Umeshuka steji saa mbili usiku. Mfereji haujatoa maji tangu Jumatatu. Kwenye kona kuna jamaa wa smokie pasua na ndoo yake ya kachumbari, na hatua tano mbele mwingine anakaanga chipo. Chakula chake kiko tayari, kina moto, na hakikuachii sufuria ya kuosha. Ukinunua pale, hujashindwa na tamaa. Umepiga hesabu ya muda, gesi na maji, na hesabu imekubali. Shida ni kwamba hesabu hiyo haijaweka chumvi na mafuta ndani, na hizo zinalipwa miaka ishirini baadaye.

Kwa hivyo badilisha hesabu, uache kujitukana. Mitaa mingi hapa ina mama anayeuza githeri na maharagwe yaliyochemshwa tayari, anakupimia kwa kikombe. Gesi ya saa mbili amelipa yeye. Wako utamkuta kando ya njia, karibu na mama mboga anayekukatia sukuma ukingoja. Hao wawili wakikaa kati ya steji na mlango wako, umeshinda nusu ya vita bila kusikiliza hotuba ya mtu. Pitia kwao kabla hujafika kwa jamaa wa chipo, njaa ikiwa bado na adabu. Ndizi ya kesho inunue leo usiku, iweke kando ya funguo. Haya mambo hayapigwi video kwa sababu hayapendezi, lakini yanafanya kazi hata siku ambayo huna motisha hata chembe. Na siku hizo ndizo nyingi.

Sasa, kuhusu motisha yenyewe. Sisemi haipo. Nasema ile tunayouziwa ni aibu iliyopakwa rangi. Wasichana wanaambiwa wapunguze tumbo kabla ya harusi ya binamu. Wavulana wanaambiwa watafute misuli, la sivyo hakuna atakayewaangalia. Kuna chai za kukata kitambi, mikanda ya kubana kiuno, unga wa kunenepesha makalio, na zote zinahitaji jambo moja kwanza: ujichukie kidogo. Aibu inaweza kukuamsha asubuhi moja, hata wiki mbili. Lakini ina tarehe ya mwisho. Harusi ikiisha na picha ikishapandishwa, inakuacha. Na ikiwa mwili haukubadilika haraka, aibu hiyohiyo ndiyo inakurudisha kitandani.

Sababu inayodumu mara nyingi ina jina la mtu. Yangu ni mamangu. Anameza tembe za presha kila siku na anapika bila kuonja chumvi, kwa sababu mhudumu wa kliniki alimwambia chumvi ya siku nzima isifike kijiko kimoja cha chai. Mimi ndiye kifungua mimba. Simu ya usiku ikilia, ni yangu. Nikianguka mimi, nyumba nzima inaanguka foleni moja. Sikimbii ili nionekane. Natembea kwa kasi jioni kwa sababu nataka nikiwa na miaka 50 niweze kubeba mfuko wake wa unga na kupanda nao ngazi. Hakuna programu inayoweza kuniuzia sababu hiyo, na hakuna picha inayoweza kuimaliza.

Yako inaweza kuwa mtoto wako, ndugu yako mdogo, au wewe mwenyewe wa mwaka 2050, ambaye hana bima na hana shamba la kuuza. Itafute kwa kujiuliza swali moja la kawaida: nani atateseka nikiugua? Ukipata jina, andika ukutani kama unataka. Ukikosa jina, anza na usingizi wako, kwa sababu mwili uliotembea hulala.

Najua mtu tayari ameshika kalamu kunijibu: na Kipchoge je? Si alisema binadamu hana mipaka? Vizuri, tuzungumze kuhusu Kipchoge. Oktoba 2019 mjini Vienna alikimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Alikuwa na kikosi cha wakimbiaji 41 waliopokezana kumwekea kasi na kumkinga upepo. Mbele yao kulikuwa na gari lililowamulikia taa barabarani kuonyesha mwendo. Vinywaji aliletewa kwa baiskeli. Kwa sababu ya msaada huo wote, muda ule haukuandikwa kama rekodi rasmi ya dunia. Na kabla ya hapo alikuwa ameishi miaka mingi kambini Kaptagat na wenzake, wakila pamoja na kufanya usafi kwa zamu. Binadamu mwenye nidhamu kuliko sisi wote hakuachwa peke yake na motisha yake. Alizungukiwa na watu.

Ndiyo maana nasema tafuta watu kabla ya kutafuta viatu. Jirani mmoja anayekugongea mlango saa kumi na mbili asubuhi ana nguvu kuliko video mia. WHO inapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kadiri, na kutembea kwa kasi kunahesabika. Hiyo ni nusu saa, siku tano. Mkiwa wawili mtapiga stori na nusu saa itaisha bila kuihesabu. Hujalipa jimu hata shilingi. Kwa dada zetu, wenzao ni zaidi ya raha. Msichana anayekimbia peke yake alfajiri anapima giza, mbwa, na wanaume wa steji wanaomwita kila jina. Ukimwambia huyo akose visingizio, wewe ndiye huna aibu.

Na hapo tunafika kwenye jambo ambalo watu wa motisha hawaligusi kamwe, kwa sababu haliuziki: mji wenyewe. Mwaka 2022 Nairobi ilipata Expressway ya kilomita 27, barabara ya kulipia, ambayo mtembea kwa miguu haruhusiwi kuikanyaga. Chini yake, watu wanaotembea kwenda kazini wanaruka mitaro na kukwepa bodaboda zilizopanda hata ile njia ndogo ya miguu iliyobaki. Tusiwapambe watu hawa na kusema wanafanya mazoezi. Kutembea huku ukivuta moshi wa matatu na kuombea maisha yako si afya. Msitu wa Karura upo, ni mzuri, lakini unalipa langoni, na kutoka Dandora unalipa nauli kwanza.

Hata nafasi tulizonazo, kuna mtu alizipigania. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai alipinga, akatukanwa bungeni, na jumba halikujengwa. Miaka kumi baadaye alipigwa akiitetea Karura. Hakuwa anatafuta kiuno. Alielewa kwamba mtu hawezi kupumua mahali ambapo kila futi ya ardhi imeuzwa.

Kizazi chetu kimeonyesha kinajua kusoma karatasi za serikali. Mswada wa Fedha wa 2024 tuliupitia kipengele kwa kipengele, tukaikuta VAT ya asilimia 16 juu ya mkate, na ikaondolewa. Basi macho yaleyale yaende kwenye bajeti ya kaunti. Tuulize njia za miguu zimepewa ngapi, taa za mitaa ngapi, uwanja wa mtaa umemezwa na nani. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya chakula cha kutosha na cha ubora unaokubalika. Hakijasema haki hiyo ni ya wenye motisha peke yao.

Najua kuna atakayesoma haya na kusema: poa, basi ni kosa la serikali, acha nikae. Hapana. Kaunti ikichelewa miaka kumi, moyo wako hautaisubiri. Fanya lako na uwadai lao, vyote kwa pamoja. Kesho ukitoka kazini, shuka steji moja kabla ya yako umalizie kwa miguu, na umpitie mama wa githeri. Na kama huwezi kushuka hapo kwa sababu hakuna taa wala njia ya kukanyaga, usijiite mvivu. Piga picha, andika mahali na saa, umtumie MCA wako. Akinyamaza, mtumie tena wiki ijayo, mkiwa watano.