Sarufi Majumui na Mtoto Asiyesikilizwa

Imekuwa ada katika madarasa yetu ya isimu kuikariri nadharia ya sarufi majumui kama msahafu. Mwanafunzi hutajiwa mapitio ya Chomsky ya 1959 yaliyokibomoa kitabu cha Skinner cha 1957, huchorewa matawi ya sentensi za Kiingereza, kisha huambiwa kuwa ameiona akili ya binadamu. Ipo na kambi ya pili, inayoikataa nadharia hiyo kwa sababu tu imetoka Marekani. Kambi zote mbili zimepotoka, na kosa lao ni moja: hazijamsikiliza mtoto.

Tuchukue kauli ya kutendwa. Mnamo 1987 Borer na Wexler walidai kwamba uwezo wa kuiunda hukomaa kibiolojia, ndiyo maana watoto wa Kiingereza huchelewa kuimudu. Miaka miwili baadaye Demuth alionyesha kwamba watoto wa Lesotho huitumia kabla ya kutimiza miaka mitatu. Sababu haifichiki. Kisesotho hakiruhusu kiulizi 'nani' kikae mahali pa kiima. Anayetaka kumjua mpishi huweza kuuliza chakula kimepikwa na nani. Muundo ambao mtoto wa Kiingereza huusikia kwa nadra, mwenzake wa Kisesotho hulishwa kila siku.

Je, sarufi majumui imeanguka? Hasha! Kilichoanguka ni ratiba iliyopimwa kwa saa ya Kiingereza. Katika utafiti wake kuhusu watoto wanne wa Nairobi, uliochapishwa 2005, Deen aliona kwamba watoto hudondosha viambishi vya nafsi na vya njeo, ilhali irabu ya mwisho ya kitenzi hubaki. 'Anataka' huweza kuwa 'nataka' au 'taka', lakini kiishio hakiguswi. Udondoshaji wenye mpaka kama huo ni mfumo. Kuuita 'lugha mbovu', kama tufanyavyo, ni kuutupa ushahidi jalalani.

Swali la kipi mtoto huzaliwa nacho na kipi hulishwa haliwezi kujibiwa kwa lugha moja. Hujibiwa pale ambapo lugha huwalisha watoto chakula tofauti. Idara zetu zimezungukwa na watoto wa Kigikuyu, Kiluhya, Kidholuo na Kiswahili, lakini ni wanafunzi wangapi tunaowatuma kuwarekodi? Nadharia isiyowajua watoto hawa haistahili kujiita ya wote, na lawama ya kutowajua ni yetu sisi tunaoishi nao.