MALI YA URITHI NA MALI YA JASHO

Iko methali isemayo kwamba masikini akipata, matako hulia mbwata. Husemwa barazani, watu wakacheka. Hatumjui aliyeitunga, lakini twamjua anayechekwa: ni yule aliyechuma kwa mikono yake, akanunua jana kile ambacho mwenziwe alikikuta kwa babu.

Aliyerithi nyumba ya mawe yenye mlango wa nakshi huitwa mwungwana, wala haulizwi ilikotoka. Aliyejenga kwa biashara yake mwenyewe huulizwa kila siku ametoa wapi. Twaona mizani hii haiko sawa.

Yatupasa kukumbuka tarekhe. Mkarafuu si mti wa asili ya visiwa hivi. Uliletwa mwanzoni mwa karne ya 19, na mashamba yake yakaenea Unguja na Pemba katika zama za Seyyid Said bin Sultan. Matajiri wapya wa siku zile walikuwa ndio hao wenye mashamba. Waliopanda, wakapalilia na wakachuma walikuwa watumwa. Tufani ya 1872 ikaiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na mashamba mengi yakaingia katika rehani. Basi mali kongwe nayo ilikuwa changa siku moja, na mara nyengine kilichorithiwa kilikuwa ni jina na deni.

Amri ya 1897 ilipoondosha utumwa katika sheria, fidia walilipwa mabwana. Waliotumikishwa hawakulipwa jasho lao. Aliyekuwa akivishwa kaniki na kukatazwa viatu mbele ya bwana wake alianza kufanya kazi ya ujira. Mwanamke akanunua kanga, na baadaye buibui. Mwanamme akavaa kanzu na kofia. Waliosema kwamba watu hao wanajikweza walikosea. Walikuwa wamevaa jasho lao.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa ya Serikali, na wananchi wakagawiwa heka tatu tatu. Wajukuu wa waliogawiwa nao leo ni warithi. Hivyo ndivyo gurudumu linavyozunguka. Na anayejifakhirisha kwa ukongwe wa mali yake na ahesabu vizazi vyake vizuri.

Hatuna ugomvi na mrithi, wala hatumpigii makofi kila aliyetajirika juzi. Mali mpya nayo yaweza kuwa ya dhulma, khasa inapopatikana kwa kiwanja cha ufukweni kilichotolewa gizani, au kwa zabuni iliyopita mlango wa nyuma. Kipimo chetu ni kimoja: mali hii imepatikanaje, na nani aliumia? Swali hilo aulizwe wa kale na wa sasa, na wa mwanzo kujibu awe aliyeshika madaraka. Daftari za ardhi na ziwe wazi, mwananchi ajue nani kapewa nini, na kwa bei gani.

Wazee wetu walituachia methali nyengine iliyo bora: mchumia juani hulia kivulini. Lakini mchumaji wa karafuu ameiona ikipinduliwa, yeye akachuma juani na mwengine akala kivulini. Siku atakayekula kivulini ni yule yule aliyechuma, hapo hatutakuwa na haja ya kuulizana nani mwungwana na nani wa juzi.